Mteja wa Nje Asiyesumbua

Muuza simu aliyelizwa na mteja wa mtandaoni hutambulika Makambako kabla ya chai ya saa nne. Hayuko ndani ya duka. Amesimama kwenye baraza, ameshika simu yake kwa mikono miwili na anamsomea jirani ujumbe. Anausoma kwa sauti kuanzia neno la kwanza hadi nukta ya mwisho, kisha anaurudia taratibu zaidi, utadhani kosa liko kwenye matamshi: imethibitishwa, umepokea shilingi laki nane na nusu. Jirani, ambaye anauza mabati na hana haraka, anauliza swali moja tu: "Salio linasemaje?" Hapo msomaji hunyamaza. Boksi la simu limeshapanda basi la Dar es Salaam tangu alfajiri, basi lenyewe limeshaipita Mafinga, na mteja wa Toronto aliyekuwa akijibu kila neno papo hapo sasa ana duara la kijivu mahali palipokuwa na sura yake. Ikifika adhuhuri stendi nzima ina habari, na watu wanaingia kununua protekta wasiyoihitaji ili mradi wampe pole kwa karibu. Simu itafidiwa na mauzo ya mwezi ujao. Pole ya namna ile haina fidia.

Ushauri unaofuata ni uleule siku zote: angalia namba iliyotuma, angalia tahajia, punguza tamaa. Sina ugomvi nao, ila unachelewa. Unamtaka muuzaji awe mpelelezi wakati ambapo ameshafunga mzigo, ameshamlipa konda, na kichwani faida ameshaigawa kati ya ada ya mtoto na deni la pango. Hoja yangu ni kwamba ushahidi ulikuwepo mapema zaidi, kabla pesa haijatajwa, na haukuhitaji utaalamu wowote wa mitandao: mteja hakusumbua. Mteja wa nje wa kweli, katika kila biashara ya nje tunayoijua mkoa huu wa Njombe, ni msumbufu. Usumbufu ndiyo alama yake. Anayekosa alama hiyo, hata awe na namba ya Kanada na Kiingereza cha puani, tumhesabu kuwa mgeni wa aina nyingine.

Mwulize mkulima wa parachichi. Mnunuzi wa Ulaya analitaka tunda la Hass, si lile kubwa la kienyeji ambalo sisi tunaliona tamu zaidi. Analitaka kwa ukubwa anaoupanga yeye, likiwa limekomaa kwa kiwango anachokipima yeye, lichumwe na kikonyo chake, lisiwe na masalia ya viuatilifu kupita kipimo chake, lisafiri ndani ya kontena la baridi, na liambatane na cheti cha afya ya mimea. Tunda lenye kovu la tawi linarudi nyumbani likaliwe na chumvi. Wachina ni kielelezo bora zaidi, kwa kuwa simu nyingi zilizo kwenye rafu za Makambako zimeundwa kwao. Walipokubali kununua parachichi zetu, makubaliano yalisainiwa wakati wa ziara ya Rais Samia Suluhu Hassan mjini Beijing, Novemba 2022, na ndani yake mna masharti ya kusajili mashamba, kusajili vituo vya kufungashia na kukagua mzigo. Hilo ni tunda, kitu ambacho ukikosea unakitupa kwa nguruwe. Sasa anatokea mtu wa Toronto, anataka chombo cha laki nane na nusu kutoka kwa mtu asiyemjua, na maswali yake yote ni mawili: ipo, na unatuma leo?

Tuitazame na jiografia, maana matapeli huwa hawaitazami. Simu huja huku, haziendi huko. Zinatoka Shenzhen na Guangzhou, nyingine zinapitia Dubai, zinashushwa Kariakoo, kisha zinapanda mlima Kitonga ndani ya buti la basi hadi nyanda za juu. Kila mkono uliozigusa umeweka faida yake, serikali imeweka kodi yake, na zinapofika kwenye kioo cha duka la Makambako zimeshafikia karibu bei ya juu kabisa zitakayowahi kufikia maishani. Tecno, Infinix na itel, tunazozishindanisha kwa hoja kali kijiweni, zote ni za kampuni moja ya Shenzhen iitwayo Transsion, na mtu wa Toronto hana shida nazo. Ile iPhone iliyotumika, tunayoiita "used ya Dubai", huenda ilianza maisha yake Ulaya au Amerika. Kwa hiyo tunaambiwa tuamini kwamba kuna binadamu Kanada anayehitaji simu iliyotoka mtaani kwao, ikazunguka Ghuba, ikabadilishiwa betri Kariakoo, ikapanda Kitonga, ili arejeshewe kwa bei iliyoongezeka na nauli juu. Na haombi kupunguziwa! Katika mji ambao fungu la viazi halinunuliwi mpaka muuzaji aapie watoto wake, mtu amesikia laki nane na nusu akajibu "sawa". Wakinga waliotoka Makete bila kitu, leo wana maduka Kariakoo, hawakufika huko kwa kukubali bei ya kwanza. Mtu asiyeomba kupunguziwa hana mpango wa kulipa. Punguzo lingemsaidia nini?

Twende sasa kwenye ujumbe wenyewe, maana hapa pana ufundi ambao lazima niusifu hata kama unatuumiza. Tarehe 3 Desemba 1992, Mwingereza wa miaka 22 aitwaye Neil Papworth alituma ujumbe mfupi wa kwanza duniani kwa kutumia mtandao wa Vodafone, akimtakia mwenzake heri ya Krismasi. Aliuandika kwenye kompyuta, kwa sababu simu ya aliyeupokea haikuwa hata na njia ya kuandika jibu. Yaani tangu siku ya kwanza ujumbe haukulazimika kutoka kwenye simu ya mtu. Ulitoka kwa yeyote mwenye kibodi na njia ya kuingilia. Waliobuni mfumo waliweka sehemu ya mtumaji inayoweza kubeba namba, au jina lisilozidi herufi na tarakimu 11, na hawakuweka mlinzi wa kuuliza kama mwenye jina ndiye kweli. Simu yako nayo haina akili ya ziada. Inachofanya ni kulinganisha herufi, na jina likifanana na lililopo, inaupanga ujumbe huo chini ya jumbe halali za mwezi mzima, zote zimekaa pamoja kwa amani. Hapa nchini majina ya namna hiyo husajiliwa kabla ya kutumika, ndiyo maana tapeli wa kawaida hajisumbui nayo: anatuma kwa namba ya kawaida kabisa, akitegemea kwamba utasoma kiasi cha pesa na hutasoma kingine chochote. Kwa desturi anapatia. M-Pesa ilipoingia Tanzania mwaka 2008, na huduma nyingine za pesa kwa simu zikaifuata, tulijifunza haraka sana kuyaheshimu maandishi. Tumezoea kusema "pesa imeingia" wakati kilichoingia ni taarifa. Pesa yenyewe iko kwenye hesabu za mtandao, mbali kabisa na kisanduku cha jumbe, na wizi huu wote unaishi katika nafasi iliyoko kati ya hizo mbili.

Katika nafasi hiyo kuna kitu kimoja ambacho tapeli hana namna ya kukipata. Anaweza kunakili neno la kufungulia, tarehe, saa, dakika, namba ya muamala yenye herufi na tarakimu zilizochanganyika vizuri, na jina la mtumaji la Kizungu lenye sehemu tatu. Ila hajui ulikuwa na shilingi ngapi jana. Ujumbe wa kweli humalizia kwa salio jipya, na salio jipya ni la zamani jumlisha lililoingia. Chukua duka lenye 43,500 kwenye laini, likiuza simu ya 850,000: ujumbe wa kweli lazima useme 893,500, si zaidi na si pungufu. Tapeli hapo ana njia mbili. Ama anairuka sehemu ya salio, ama anabahatisha, na akibahatisha huwa mkarimu, anaandika 1,250,000. Mkasa wenyewe ni kwamba muuzaji akiona 1,250,000 hashtuki. Anafurahi. Anaona kama siku ni nzuri. Hesabu ya kujumlisha ya shule ya msingi ingemwokoa, na hata asiyependa hesabu angeweza kufungua menyu, kuweka namba ya siri na kuuliza salio, kazi ambayo makato yake, yakiwepo, hayafiki bei ya andazi. Kwa nini haulizi? Kwa sababu mteja yuko hewani anamwambia "bosi, basi linaondoka". Ratiba za mabasi ya Makambako anazijua kuliko wapiga debe, huku akiwa Toronto.

Utaniambia wapo wateja wa kweli walioko nje. Wapo, na hao ndio ushahidi wangu bora. Mfikirie dada anayefanya kazi Muscat na anataka kumnunulia mama yake simu huko Lupembe. Anaanza mazungumzo usiku, kazi za nyumba ya watu zikiisha. Anataka video ya boksi likifunguliwa. Anataka ubonyeze *#06# akiona, namba ya IMEI itokee, kisha uitume kwenda 15090 ili ijulikane kama simu ni halali, kwa sababu hajasahau Juni 2016, mamlaka ya mawasiliano, TCRA, ilipozima simu bandia na watu wakabaki na vioo vya kujitazamia. Anasikia bei, anaguna, anakutumia picha ya bei ya duka la pili, anapotea siku kadhaa, anarudi akiwa na bei yake na ombi la kava la bure. Mkishakubaliana anampigia mama, mnaunganishwa wote watatu, na wewe unaanza na shikamoo. "Marahaba mwanangu. Hiyo ya kupapasa siitaki. Mimi nataka ya vitufe, yenye tochi." Biashara inaanza upya, sasa kwa faida ya elfu tano. Mwisho wake pesa inaonekana kwenye salio, mama anakuja mwenyewe au anamtuma mjukuu, na simu inakwenda Lupembe. Angalia vizuri kilichovuka mpaka hapo: ni pesa tu. Katika biashara yetu halisi na watu wa ughaibuni, simu haipandi ndege. Mteja wa nje anayetaka simu iondoke kuelekea Dar es Salaam kwa "binamu yangu wa Mbezi" ameugeuza mto utiririke kupanda Kitonga.

Wengine hujibu kwamba dawa ni kuachana na jumbe za simu na kudai malipo ya kadi au PayPal, maana huko pesa ni ya kweli. Ni ya kweli, tatizo ni kwamba si yako. Kwanza, kwa miaka mingi akaunti ya PayPal ya Tanzania imeruhusiwa kulipa na si kupokea, hivyo muuzaji wa Njombe huanza kwa kuazima akaunti ya shemeji wa Nairobi, na hapo ameshaongeza mtu wa kugombana naye. Pili, malipo ya kadi yana mlango wa nyuma, na mlango huo ulijengwa kwa nia njema. Mwaka 1974, wakati reli ya TAZARA bado inajengwa, Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kumpa mwenye kadi ya mkopo haki ya kupinga deni lisilo sahihi. Mwaka huohuo Uingereza ikapitisha sheria yake ya mikopo ya walaji, ambayo kifungu chake cha 75 kinaifanya kampuni ya kadi iwajibike pamoja na muuzaji kwa ununuzi wa zaidi ya pauni 100 hadi pauni 30,000. PayPal nayo humpa mnunuzi siku 180 za kufungua madai. Kwa hiyo mtu akinunua kwa kadi iliyoibwa, mwenye kadi akagundua baada ya wiki kadhaa, benki inamrudishia pesa, benki inaichukua kutoka kwa aliyepitisha malipo, naye anaichukua kutoka kwa muuzaji. Kila mmoja katika mnyororo ana wa kumwegemea isipokuwa wa mwisho. Kinga ya muuzaji ya PayPal ipo, lakini inadai mzigo upelekwe kwenye anwani iliyoandikwa kwenye muamala wenyewe, uwe na namba ya kufuatilia, na kuanzia dola 750 uwe na saini ya mpokeaji; lile ombi dogo la "mtumie binamu" linaifuta yote kwa sentensi moja.

Sheria hizo ni nzuri, na ningekuwa na kadi ya London ningelala usingizi mzuri kwa sababu yake. Ninachouliza ni nani anayelipia usingizi huo. Mwizi halipii. Benki hailipii. Mwenye kadi, kwa haki kabisa, halipii. Analipa mtu mwenye duka la upana wa hatua nne ambaye mtaji wake ni mkopo wa kikundi. Na mtu huyohuyo, akitaka kuagiza vioo vya simu nje kwa pesa yake halali, atakuta maduka mengi ambayo hata hayajaiweka Tanzania kwenye orodha ya nchi za kuchagua. Tunaaminiwa kutoa mali bila dhamana, hatuaminiwi kununua kwa pesa mkononi. Hapo kicheko changu huisha, na sioni sababu ya kukilazimisha.

Je, serikali? Sheria ya Makosa ya Mtandao ipo tangu 2015, na laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilianza kuzimwa Januari 20, 2020. Mtu angetarajia kila tapeli awe na kidole chake kwenye mfumo. Kidole kipo kweli, ila mara nyingi ni cha mtu mwingine, aliyebonyezeshwa mara mbili kwenye mwavuli wa kusajilia laini akaambiwa cha kwanza hakikusoma. Ndiyo maana inafaa kupiga *106# kujua namba ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Takwimu za TCRA za miaka ya karibuni zimekuwa zikiitaja mikoa ya Rukwa na Morogoro kuwa mbele kwa majaribio ya ulaghai wa simu. Nasi tunaopakana na Morogoro tusicheke kwa sauti. Maana yake ni kwamba Toronto nyingine zina mashamba ya mpunga. Namba inayoanza na +1 inakodishwa mtandaoni, na WhatsApp huihakiki namba siku ya kujisajili, haihakiki mwenye namba amesimama kwenye udongo gani. Saa, hata hivyo, haikodishwi. Toronto iko nyuma yetu kwa saa saba au nane kutegemea majira, hivyo saa nne asubuhi ya Makambako kwao ni saa nane au tisa usiku. Mteja wa Toronto anayejibu papo hapo usiku huo, kila siku, bila hata kupiga miayo, ama ana ugonjwa wa kukosa usingizi ama anakunywa chai saa ileile unayokunywa wewe.

Pingamizi ninaloliheshimu zaidi ni la wafanyabiashara wenyewe: ukimshuku kila mtu utamkimbiza mteja mwema. Lakini tumtazame huyo mwema anafanya nini. Yeye mwenyewe anakushuku. Ameshawahi kulipia viatu kwenye ukurasa wa picha nzuri, vikaja vya mguu mmoja. Ukimwambia simu haitoki mpaka salio lisome, anaona ameingia duka la watu makini. Ukimwomba apige simu ya video ageuze kamera dirishani, anageuza, huku akilalamika baridi. Anayekasirika ni yule mwingine. Tapeli hufanya kazi ya wingi, ana wauzaji wengine ishirini wa kuhudumia asubuhi hiyo, na dakika anazopoteza kwako ni hasara kwake. Kwa hiyo msumbue. Mwulize nani atakuja dukani kuichukua. Mwambie bei imepanda elfu kumi, uone kama atabisha; asipobisha, rudisha boksi kwenye rafu na uripoti namba yake 15040. Ikiwa ni ya hapa nchini huenda ikafungwa, naye atanunua nyingine, lakini angalau atakuwa amenunua kitu.

Mbinu nyingine hazistahili muda huo. Anayelipa zaidi "kwa bahati mbaya" na kuomba chenji hajalipa chochote. Anayetuma pesa ya kweli kisha akapiga simu kwa mtoa huduma kudai amekosea namba anashindwa na risiti, jina na sahihi ya aliyechukua mzigo. Anayesema pesa imezuiwa mpaka utume picha ya risiti ya basi, yeye ndiye aliyeizuia. Anayerudisha boksi likiwa na simu tofauti anakamatwa na IMEI uliyoandika kwenye daftari kabla haijatoka. Askari wa Marekani anayehitaji Tecno arobaini kwa kikosi kizima hastahili hata sentensi, na hii ndiyo aliyopewa.